Mbingu ya plasta: dhana potofu kuhusu majumba ya sinema ya John Eberson

Ndani ya Tampa Theatre, Florida, taa zikizimwa unajiona umekaa uani usiku. Kuta za nyumba za kizamani zimekuzunguka, sanamu zinachungulia kutoka juu, na mbingu ya buluu imejaa nyota. Jumba hilo, lililobuniwa na msanifu majengo John Eberson, lilifunguliwa 1926.

Dhana: Nyota zimechorwa kwa rangi.
Ni taa. Eberson alisomea uhandisi wa umeme Vienna kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1901, na elimu hiyo hakuiacha nyuma. Dari ni kuba la plasta lililopakwa buluu na kutobolewa vitundu. Nyuma ya kila kitundu kuna balbu ndogo. Mawingu nayo yalimulikwa na mashine iliyofichwa, yakawa yanapita taratibu juu ya vichwa vya watu.

Dhana: Madoido yote hayo lazima yaligharimu kuliko majumba mengine.
Kinyume chake, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Majumba ya fahari ya enzi zile, kama ya msanifu mwenzake Thomas Lamb wa New York, yalitaka dari za nakshi, rangi ya dhahabu na mataa makubwa ya vioo. Eberson alilifuta hilo lote: dari tupu, rangi moja. Pesa ikaenda kwenye kuta za pembeni, na huko pia alibana matumizi. Nguzo na sanamu zinazoonekana za mawe ni plasta iliyomiminwa kwenye kalibu, na kalibu moja hutoa nakala nyingi. Alikuwa hata na karakana yake ya kazi hiyo. Nani atakwenda kugonga ukuta gizani ahakikishe kama ni jiwe?

Dhana: Yalijengwa kwa ajili ya filamu peke yake.
Majestic ya Houston, ya 1923, iliyoanzisha mtindo huu, ilikuwa na jukwaa la wachekeshaji, waimbaji na wacheza sarakasi. Filamu zenyewe zilikuwa bado bubu.

Dhana: Alikuwa Mhispania au Mwitaliano.
Nyua na bustani alizoziiga ndani ya majumba yake ndizo za huko. Yeye alizaliwa 1875 Czernowitz, mji ulio Ukraine leo.

Dhana: Yote yameshabomolewa.
Ya Houston ndiyo, mwaka 1971. Tampa bado wanakata tiketi.