Je, wajua kwa nini dawa ya sonona haileti nafuu siku ileile?

Ukimeza diazepamu, wasiwasi hutulia ndani ya saa moja hivi. Fluoksetini, mojawapo ya dawa za sonona zinazotumika sana duniani, nayo huanza kazi ubongoni ndani ya saa chache, lakini mgonjwa huanza kuhisi nafuu ya kweli baada ya wiki mbili hadi nne, wakati mwingine sita au zaidi. Dawa imeshafika na imeshashika mahali pake, na bado kuamka asubuhi ni kazi ileile. Kwa nini?

Jibu linalosikika sana ni kwamba mwenye sonona amepungukiwa serotonini, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupelekeana taarifa, na kwamba dawa inajaza pengo hilo polepole. Maelezo haya yalienea mno baada ya fluoksetini kuidhinishwa Marekani mwaka 1987. Ni mepesi kueleweka, na ndiyo maana ni magumu kuyang'oa. Ila vidonge hivi havina serotonini hata chembe. Vinachofanya ni kuziba njia ambayo seli huitumia kuifyonza tena serotonini iliyokwisha kuimwaga, ili ibaki nje kwa muda mrefu zaidi. Halafu, watafiti wamewanywesha watu wenye afya njema mchanganyiko usio na triptofani, malighafi ambayo mwili hutengenezea serotonini. Serotonini ikashuka, lakini wengi wao hawakupata sonona. Na mapitio mapana ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakuona ushahidi thabiti kwamba wenye sonona wana serotonini pungufu.

Maelezo hayo kuporomoka hakuifanyi dawa kuwa bure. Ikipimwa dhidi ya vidonge visivyo na dawa, huonekana kusaidia, ingawa tofauti kwa wastani si kubwa na si kila mtu hufaidika. Kwa kweli nafuu ilionekana kabla ya maelezo yoyote: mwaka 1952, mjini New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walichangamka kuliko ilivyotarajiwa, na kutoka hapo ikapatikana dawa ya sonona.

Sasa turudi kwenye wiki zile. Fikiria tangi la maji lenye boya. Maji yakipanda, boya linapanda nayo na kufunga koki. Seli zinazotengeneza serotonini, zilizojikusanya kwenye shina la ubongo, zina boya la namna hiyo: vipokezi vinavyopima serotonini iliyoko nje na kuiamuru seli ipunguze kasi ikizidi. Siku ya kwanza ya dawa ni kama umeziba bomba la kutolea maji. Kina kinapanda, boya linainuka, koki inajifunga, na kwa hiyo maji hayaongezeki kama ulivyotegemea. Lakini boya likikaa juu siku baada ya siku, linalegea. Wiki zikipita haliibani koki tena, maji yanaanza kuingia kwa kasi ya kawaida huku bomba la kutolea bado limezibwa, na hapo ndipo kina kinapanda kwelikweli.

Mengi ya haya yameonekana kwa wanyama wa maabara. Miaka ya 1990 watafiti walijaribu kulizuia boya kwa pindololi, dawa ya shinikizo la damu, wakitarajia nafuu ije mapema. Baadhi ya majaribio yaliona hivyo, mengine hayakuona. Wapo wanaodhani muda huo hutumika zaidi na ubongo kujenga miunganisho mipya kati ya seli. Ketamini, dawa ya usingizi wa upasuaji inayopita njia nyingine kabisa, huweza kuinua hali ya mgonjwa ndani ya saa chache, kwa hiyo ubongo haulazimiki kusubiri wiki nzima nzima.

Kinachoumiza ni kwamba madhara hayasubiri. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili iko tumboni, ndiyo sababu kichefuchefu huja siku za mwanzo. Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, hukausha mdomo na kuleta usingizi mzito tangu kidonge cha kwanza. Mgonjwa anapata karaha bila nafuu, na wengi huacha hapohapo. Ukimwona ndugu yako kwenye wiki hizo, mweleze kwamba nafuu huchelewa, na arudi kwa daktari wake badala ya kukata dawa ghafla, maana kukata ghafla huweza kuleta kizunguzungu na kukosa usingizi. Akiwa kijana wa chini ya miaka 25, kaa naye karibu zaidi: kwa baadhi yao mawazo ya kujiua huweza kuongezeka mwanzoni mwa matibabu, na yakijitokeza, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.