Mauzo ghafi si faida

Mauzo ghafi ni fedha yote ambayo biashara imeingiza kwa kuuza, kabla hujatoa kitu chochote. Bei ya mzigo imo humo, pango la fremu limo, hata nauli ya bodaboda iliyoleta mzigo.

Ninachokisikia kila msimu wa makadirio, TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) wanapokadiria kodi za wafanyabiashara, ni hiki: "Mwaka huu sikupata faida, sasa TRA wananidai kodi ya nini?" Kwa mfanyabiashara mdogo wa Tanzania aliye kwenye kodi ya makadirio, yaani mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, faida haiingii kabisa kwenye hesabu. Kinachotozwa ni mauzo. Unaweza kufunga mwaka kwa hasara na bado ukadaiwa. Mtu ana haki ya kuona huo ni uonevu, na mimi naona malalamiko hayo yana uzito, hasa kwa muuza vocha au unga ambaye anauza sana na kubakiwa na kidogo. Lakini tulalamikie kitu chenyewe, yaani kodi kuhesabiwa kwa mauzo. Anayetaka kutozwa kwa faida sheria inamruhusu, ila aandae hesabu kamili zenye risiti za matumizi.

Kosa la pili linaumiza zaidi, kwa sababu linamtoa mtu fedha mfukoni. Wengi wanaamini daftari la mauzo ni kujifunga: ukiandika, umejishitaki. Jedwali la viwango vya kodi hii lililowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019 linasema kinyume chake. Mauzo yasiyozidi milioni 4 hayatozwi kitu. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000 bila kujali ameuza kiasi gani, na mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4 tu. Chukua mama lishe anayeuza 18,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hiyo ni milioni 5.4. Akiwa na daftari, kodi yake ni 42,000. Bila daftari ni 100,000. Hizo 58,000 za ziada analipia kurasa alizoacha tupu.

Na daftari lenyewe liandike mauzo kweli. Fedha ya vikoba uliyoongezea mtaji si mauzo, wala mkopo si mauzo, hata kama vyote vimepita kwenye simu ileile unayopokelea malipo ya wateja. Usipovitenganisha tangu siku ile, mwisho wa mwaka ni vigumu kumwonyesha ofisa kipi ni kipi.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesema umekadiriwa kodi kubwa kuliko faida yako, anza kwa kuuliza wameandika mauzo kiasi gani, na wameyatoa wapi. Kama hukuwapelekea kumbukumbu, wapelekee za mwaka huu kuanzia sasa, kabla ya makadirio yajayo.