Alama ya Sawa Ni Mizani, Si Amri ya Kutoa Jibu

Mwandikie mwanao wa Gredi ya 7 swali hili: 8 + 4 = __ + 5. Usishangae akijaza 12. Kujumlisha anajua, tena vizuri. Shida ni namna anavyoisoma alama ya sawa. Tangu madarasa ya chini ameizoea ikija mwishoni mwa hesabu, kwa hiyo kwake ina maana ya "andika jibu hapa". Nafasi ile inataka 7, maana kushoto kuna 12 na kulia lazima kufike 12 vilevile.

Sisi tunaowaandaa walimu wa hisabati hapa Kisumu tunakutana na kosa hili mara kwa mara. Naamini hapo ndipo watoto wengi wanapoanza kupotea katika aljebra, yaani hesabu za kutafuta namba isiyojulikana kwa kutumia herufi, kabla hata herufi ya kwanza haijaandikwa ubaoni.

Dawa yake ni mizani ya sahani mbili, ile waliyoizoea wazee wetu sokoni Kibuye. Tuseme sahani ya kushoto ina pakiti 3 za sukari zenye uzito mmoja usiojulikana, pamoja na jiwe la kilo 2. Ya kulia ina mawe ya kilo 11, na mkono wa mizani umetulia. Uzito wa pakiti moja tuuite u. Tunaandika 3u + 2 = 11. Ukiondoa kilo 2 kushoto peke yake, mizani inalalia kulia. Ondoa kilo 2 kulia pia, inatulia: 3u = 9. Sasa gawa kila upande mafungu matatu: u = 3. Mtoto aliyeyafanya haya kwa mikono yake, hata kwa kijiti, kamba na vifuniko viwili vya makopo, haulizi tena kwa nini tunatenda jambo lilelile pande zote mbili.

Jina lenyewe la aljebra linatokana na neno la Kiarabu al-jabr, alilolitumia mwanahisabati al-Khwarizmi wa Baghdad katika karne ya 9. Maana yake ni kurejesha kilichopungua, na ndilo neno la kuunga mfupa uliovunjika. Mwenzake ni al-muqabala, kukabilisha pande mbili, na sisi Waswahili tunalo: mkabala. Alama ya sawa ilikuja baadaye sana. Mwanahisabati Robert Recorde wa Wales aliichapisha mwaka 1557, akachora mistari miwili sambamba kwa kuwa hakuona vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa zaidi ya hivyo.

Walimu wenzangu, nawasihi msianze na ile kanuni ya "kikivuka, kinabadilisha alama", yaani namba ikihamia ng'ambo ya alama ya sawa, kujumlisha kunageuka kutoa. Ni njia ya mkato kwa anayejua njia ndefu. Asiyejua anapewa 3u = 9, anaivusha 3 na kuandika u = 9 − 3, anapata 6. Ametii kanuni, lakini amesahau kwamba 3 inazidisha u, na kinachofungua kuzidisha ni kugawanya.

Jambo lingine: msiseme "n ni nyanya". Mtoto akiona 4n + 50 = 450 atasoma nyanya nne na kitu fulani, kisha akwame. Tuseme abiria wanne wametoka Kisumu hadi Ahero, wakalipa jumla ya shilingi 450, zikiwemo 50 za mzigo. Hapo n si gari wala nauli kama kitu. N ni idadi ya shilingi alizolipa kila mmoja kwa kiti chake. Herufi inashika nafasi ya namba. Toa 50 pande zote, 4n = 400, gawa kwa 4, n = 100.

Isiyojulikana ikiwa pande zote mbili, mizani bado inafanya kazi. Fundi mmoja anatoza shilingi 300 za kufika na 150 kwa saa. Mwingine anatoza 600 na 100 kwa saa. Watalingana baada ya saa ngapi? Idadi ya saa tuiite s: 300 + 150s = 600 + 100s. Ondoa 100s kila upande, halafu 300: 50s = 300, s = 6. Kisha rudisha 6 kwenye swali. Wa kwanza 300 + 900, wa pili 600 + 600, wote 1,200. Hatua hii ya kuhakiki huachwa kwa haraka za mtihani, ilhali ndiyo inayomwezesha mtoto kujua amepata kabla ya mwalimu kumwekea vema.

Mzazi, leo jioni mpe hili: mama amenunua gorogoro 5 za mahindi, akapunguziwa shilingi 40, akalipa 560. Gorogoro moja iliuzwaje? Akikwambia 120, usimjibu ndiyo wala hapana. Mwambie airudishe kwenye mizani.