Je, wajua ni nani anayechimba vyumba ndani ya mmea wa sisimizi?

Ukilipasua kwa kisu shina lililovimba la Myrmecodia, mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine kuanzia Kusini-Mashariki mwa Asia hadi New Guinea na kaskazini mwa Australia, utakuta vijia na vyumba vilivyopishana, na sisimizi wakihangaika kuwahamisha watoto wao gizani. Anayeona hayo hahitaji kuambiwa nani kachimba. Hata hivyo, sisimizi hawakuchimba.

Dhana hiyo ina historia ndefu. Rumphius, aliyechunguza mimea kisiwani Ambon, Indonesia ya leo, katika karne ya 17, alidhani mmea wenyewe umechipuka kutoka kwenye kiota, akautenga katika aina mbili kwa kufuata rangi ya wakazi wake: mmoja wa sisimizi wekundu, mwingine wa weusi. Baadaye ilikubalika kwamba mmea hutokana na mbegu, lakini wapo wataalamu walioendelea kushikilia kwamba bila kung'atwa na sisimizi shina haliwezi kuvimba. Ni katika miaka ya 1880 ambapo Melchior Treub, mkurugenzi wa bustani ya mimea ya Buitenzorg, yaani Bogor ya leo kisiwani Java, alikuza miche pasipo sisimizi. Ikavimba vilevile, na vyumba vikatokea.

Mmea hujichimba wenyewe. Ndani ya shina changa, tabaka la seli huizungushia sehemu ya nyama yake ukuta mkavu wa gamba. Sehemu hiyo, ikiwa imekatiwa maji na chakula, hufa, hunyauka na kuacha uwazi. Kadiri shina linavyonenepa, ndivyo vyumba vinavyoongezeka.

Gharama yote hiyo ni ya nini? Juu ya tawi hakuna udongo. Mgomba uliopandwa kando ya shimo la taka hustawi kuliko wenzake kwa sababu mabaki ya jikoni huoza miguuni pake. Myrmecodia ni mgomba uliojenga nyumba, ukaweka shimo la taka ndani yake, kisha ukangoja wapangaji. Kuna vyumba vya kuta laini, ambamo sisimizi hulea watoto, na vingine vyenye chunjua ndogo ukutani, ambamo hutupa kinyesi na mabaki ya wadudu. Mwaka 1978, mtafiti Camilla Huxley alionyesha, kwa kutumia virutubisho vyenye mnururisho, kwamba chunjua hizo hufyonza chakula. Kuhusu ulinzi, tusiharakishe kuufananisha na ule wa sisimizi wa migunga ya savana zetu, wanaowafukuza wanyama wanaokula majani: sisimizi hawa hutoka kwa ghadhabu mmea ukitikiswa, lakini faida iliyothibitishwa vizuri zaidi ni mbolea.

Huko Fiji mambo yamefika mbali zaidi. Watafiti Guillaume Chomicki na Susanne Renner walieleza mwaka 2016 jinsi sisimizi aina ya Philidris nagasau wanavyopanda mbegu za Squamellaria, jamaa wa Myrmecodia katika ukoo wa kahawa, kwenye nyufa za magome, kisha huiwekea miche kinyesi kabla haijawa na nafasi ya kuwatosha kuishi.

Si kila jamaa ana wapangaji wa namna hiyo. Katika Hydnophytum myrtifolium ya nyanda za juu za New Guinea, vyumba hujaa maji ya mvua, na wakati mwingine anayekutwa humo ni chura.