Tathmini ya msongo kazini: kinachopimwa ni kazi, si mtu

"Wanatafuta nani kichwa chake hakiko sawa." Hofu hii ya wafanyakazi ndiyo inayofanya madodoso ya tathmini ya msongo yarudi yamejaa "sina tatizo" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukweli ni kwamba tathmini hii, yaani ya hatari za kisaikolojia na kijamii kazini, huchunguza kazi yenyewe. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza huangalia mambo 6: mzigo wa kazi, uhuru wa kuamua, msaada, mahusiano, uwazi wa majukumu na namna mabadiliko yanavyoletwa. Dodoso lake lina maswali 35, na hakuna hata moja linaloulizia ugonjwa wa mtu. Hata hivyo hofu ina msingi: idara ya watu watatu ikitolewa ripoti yake peke yake, kila mmoja atajulikana. Majibu yasiandikwe majina, na vikundi vidogo viunganishwe.

"Msongo ni wa mabosi." Uchunguzi wa Whitehall, uliofuatilia watumishi wa serikali jijini London kuanzia 1967, ulikuta wa ngazi za chini ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Uchunguzi wa pili ulihusisha maradhi hayo na kukosa usemi juu ya kazi yako mwenyewe. Mfikirie mpokea simu anayeomba ruhusa hata ya kwenda msalani.

"Ni mawazo tu, hayaui." Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalikadiria kuwa mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo uliotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki.

"Tumemleta mshauri nasaha, yamekwisha." Mshauri anahitajika sana, lakini muuguzi anayebaki peke yake na wodi nzima usiku kucha anahitaji kwanza mwenzake wa zamu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 45003 cha mwaka 2021, kinachotoa mwongozo kuhusu afya ya kisaikolojia kazini, kinashauri hatari ishughulikiwe kwenye chanzo chake.

"Shida ni meneja mmoja mkorofi." Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini kampuni ya simu ya Ufaransa, France Télécom, ilipopanga kupunguza watu 22,000, wafanyakazi kadhaa walijiua, na mwaka 2019 mahakama ya Paris iliwatia hatiani waliokuwa viongozi wake wa juu pamoja na kampuni yenyewe kwa unyanyasaji. Kilichohukumiwa ni sera yenyewe, hata kwa wafanyakazi ambao viongozi hao hawakuwahi kukutana nao.