Walimchukua Saa Ngapi?

Simu za aina hii huingia usiku. Siku chache kabla ya mnada wa kwanza wa korosho, mama mmoja wa Tandahimba alinipigia huku sauti ikimtetemeka. "Mwanangu wakili, wamemchukua kijana." Nikampa pole, kisha nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mtu kabla hata sijajua kosa lenyewe: mama, walimchukua saa ngapi?

Saa hakuwa nayo. Alichokumbuka ni kwamba adhana ya isha ilikuwa imetoka punde na maji ya ugali yalikuwa jikoni. Nikamwambia hiyo inatosha kabisa. Binti yake wa darasa la sita akachukua daftari la shule akaandika: Jumanne, baada ya isha, wamekuja watu wanne, wawili wana sare, wamesema kaka amenunua kangomba, wamechukua simu na shilingi 640,000. Kangomba ni korosho zinazonunuliwa kwa magendo, nje ya mfumo rasmi.

Watu wengi hapa Mtwara na Lindi wanaamini kwamba Katiba ya Tanzania inasema polisi wasimshikilie mtu zaidi ya saa 24. Ukisoma ibara ya 15 hutaziona saa hizo. Katiba inasema kila mtu anayo haki ya kuwa huru na kuishi kama mtu huru, halafu inapiga marufuku kumkamata au kumweka mtu kizuizini isipokuwa kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria, au katika kutekeleza hukumu ama amri ya mahakama. Utaratibu huo uko kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, na saa 24 zinapatikana humo. Aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Ikishindikana ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa aliangalie shauri na kumwachia mtu huyo kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana kuwa zito. Kosa la kunyongwa halimo katika nafuu hiyo.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu mtu anayefika kaunta akisema "Katiba inasema saa 24" hujibiwa kwa kicheko. Anayesema "kijana wangu alikamatwa jana baada ya isha, hajafikishwa mahakamani, naomba dhamana yake chini ya Sura ya 20" husikilizwa kwa namna nyingine. Nimeyaona yote mawili kwa macho yangu.

Kuna saa nyingine ambazo watu huzichanganya na hizi. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe, na hapo kikomo ni saa 48. Lakini uwezo huo ni wa pale amani inapokaribia kuvunjika na hakuna njia nyingine ya kuzuia, na sababu lazima ziandikwe. Mwalimu aliyechelewa kikao au mkulima aliyemjibu kiongozi vibaya kwenye mkutano wa hadhara hajavunja amani ya mtu. Naona uwezo huu ni mpana mno kuachwa mikononi mwa viongozi wa kisiasa, na nitaendelea kulisema hilo.

Turudi kwenye nyumba ya yule mama. Ibara ya 16 inalinda nafsi ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Kwa kawaida upekuzi unahitaji hati, na hati hiyo hutekelezwa mchana, baada ya jua kuchomoza na kabla halijazama, isipokuwa mahakama imeruhusu vinginevyo. Ipo milango ya dharura ambamo polisi wanaweza kupekua bila hati. Kinachochukuliwa, hata hivyo, lazima kiorodheshwe kwa maandishi, na mwenye nyumba na mashahidi watie saini. Ndiyo maana huwa nawaambia watu wamwite mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji papo hapo, hata kama amelala. Pale kwa mama hakuna karatasi iliyoachwa.

Karatasi hiyo si jambo dogo. Januari 2022 maafisa saba wa polisi walifikishwa mahakamani hapa Mtwara kwa shtaka la kumuua kijana mfanyabiashara wa madini, na tangu mwanzo chanzo kilichotajwa kilikuwa fedha alizodai kwamba polisi walizichukua kwake.

Haki hizi zenyewe hazikuzaliwa na Katiba ya 1977. Ziliingizwa mwaka 1984 katika mabadiliko ya tano, na mahakama zikaanza kuzitumia mwaka 1988. Muda si mrefu, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ikabatilisha kifungu kilichowanyima dhamana baadhi ya washtakiwa, kwa sababu kilikiuka ibara ya 15. Mwaka 2020 upepo uligeuka: mahakama hiyo hiyo ilitengua hukumu ya Mahakama Kuu iliyokuwa imefuta orodha ya makosa yasiyo na dhamana. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa, na anayefungua shauri la haki za msingi akalazimika kuapa jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Kwa mtu wa Nanyamba asiye na nauli ya kufika mjini, mabadiliko hayo yaliufanya mlango kuwa mwembamba sana.

Asubuhi ya Jumatano nilifika kituoni na yule mama, mjomba wa kijana akiwa mdhamini. Nikaomba tuone kitabu cha mahabusu. Kilionyesha kijana ameingia Jumatano saa 2 asubuhi. Nusu siku nzima ilikuwa imepotea kwenye wino. Mama hakusema neno. Alifungua mkoba wake wa ukili, akatoa daftari lenye hesabu za kujumlisha sehemu, akalifungua ukurasa wa mwisho na kuliweka juu ya kaunta.

Mkuu wa kituo alilisoma mara mbili. Akamwita askari wa zamu wakaenda chumba cha ndani. Waliporudi, saa ikasahihishwa kwa kalamu nyekundu, na kabla ya alasiri kijana alikuwa nje kwa dhamana, bila kulipa hata senti, maana dhamana ya polisi haina ada. Alikuwa na njaa na shati limechanika begani.

Simu alirudishiwa siku hiyo hiyo. Zile 640,000 bado nazidai kwa barua, na sasa naandika ya tatu. Daftari liko kabatini mwangu; yule binti nilimnunulia jingine.