Mashindano ya vyuo yakifutwa, pesa huenda wapi?

Machi 12, 2020, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani, kilifuta mashindano yake makubwa ya mpira wa kikapu zikiwa zimebaki siku tano mechi ya kwanza ichezwe. Mapato ya chama mwaka ule yalianguka kutoka zaidi ya dola bilioni 1.1 hadi milioni 519 hivi. Vyuo vya daraja la kwanza vilikuwa vimepangiwa mgao wa milioni 600, vikapewa 225. Kwa anayepanga mashindano ya vyuo hapa Malindi hizo ni pesa za ndotoni, lakini ugonjwa wa hesabu ni uleule: mapato yanangoja mpira uchezwe, na matumizi yalishaanza zamani.

Tegemeo lao lilikuwa televisheni. Mkataba na CBS na Turner ndio unaobeba sehemu kubwa ya bajeti nzima, na pesa zake zatoka kwenye mashindano mamoja, ya wanaume, mechi 67 ndani ya wiki tatu. Michezo mingine mingi huendeshwa kwa hasara na kulishwa na hayo. Bima ya kufutwa walikuwa nayo, ya dola milioni 270 hivi. Ni nyingi, ila haikufika hata thuluthi ya kile ambacho mashindano yangeleta.

Sasa tuje kwetu. Chukua mfano wa bajeti ya shilingi 1,200,000: timu nane, siku nne, wageni kutoka Mombasa, Voi na Lamu. Kila timu inalipa ada ya 40,000, jumla 320,000. Mdhamini ameahidi 500,000, atoe 200,000 akitia saini na 300,000 akishapokea ripoti na picha. Wenye vibanda 130,000, nusu mbele. Kiingilio cha mlangoni 250,000.

Ukifuta siku tano kabla, umeshapokea 585,000. Umeshatoa dipoziti ya malazi 180,000, chakula 90,000, mabasi na boti ya Mokowe inayovusha timu ya Lamu 100,000, hema na vipaza sauti 40,000, na jezi na medali zimelipwa zote, 160,000. Jumla 570,000. Benki inaonyesha salio la 15,000 na kamati inapumua. Isipumue. Ile 585,000 yote ni ya watu, na kila mmoja wao ana haki ya kuidai. Hapo ndipo kamati nyingi huzama, kwa kusoma salio bila kusoma madeni.

Marefa hawamo kwenye hesabu hii kwa sababu hulipwa kwa mechi. Mechi ikifa, na riziki yao imekufa, na hakuna karatasi ya kudai. Muuza mahamri na dereva wa tuktuk vilevile.

Kitakachoamua nani abebe hasara ni kifungu cha dharura kwenye mkataba, na hasa tarehe. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Ijumaa, Machi 13, 2020, na siku hiyohiyo mikusanyiko ya watu ikasimamishwa. Aliyefuta baada ya agizo lile ana serikali nyuma yake. Aliyefuta mwenyewe Alhamisi kwa hofu, hata kama hofu yake ilikuwa ya busara, mwenye gesti anaweza kumwambia kwamba yeye ndiye aliyevunja mkataba na dipoziti imekwenda. Kwa hiyo kifungu kisiishie kwenye "majanga". Kitaje ugonjwa wa mlipuko, agizo la kuzuia mikusanyiko, na kufungwa kwa mipaka ya kaunti, maana Aprili 2020 Kilifi, Kwale na Mombasa zilifungwa na basi la Voi lisingeingia hata uwanja ungekuwa wazi. Kisha kiseme dipoziti itafanywa nini: irudishwe ndani ya siku ngapi, au ishikiliwe hadi lini.

Kuahirisha ni rahisi kuliko kufuta, ila angalia kalenda kabla ya kutamka "baada ya miezi miwili". Mwaka ule Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yameanza, na baada yake kusi. Timu ya Lamu haitakushukuru kwa tarehe ya Julai bahari ikiwa imechafuka. Mimi ningeomba gesti ishikilie dipoziti kwa miezi kumi na miwili, kwa barua yenye saini na bei iliyofungwa. Bila bei kufungwa, utarudi ukute chumba kimepanda na 180,000 yako inalipia nusu ya ulichotarajia.

Katika kurudisha, timu ziwe za kwanza, maana zile ni pesa za wanafunzi. Mdhamini aandikiwe mapema aombwe kuhamisha 200,000 zake kwa msimu ujao. Wengi hukubali wakiona hesabu, na hukasirika wakisikia habari kwa watu. Jezi ni hasara kamili ikiwa zimechapwa mwaka. Chapa jina la mashindano tu, na kwenye medali weka kibandiko cha katikati kinachobadilishika.

Bima? Zile zinazouzwa kwa mashindano madogo kwa kawaida hulipia majeraha, si mapato yaliyopotea. Wimbledon, wale wa mashindano ya tenisi Uingereza, walilipwa mwaka 2020 kwa kuwa walikuwa wamelipia kipengele cha mlipuko kwa miaka mingi, na baada ya hapo kampuni nyingi duniani zikaanza kuandika wazi kwamba magonjwa ya kuambukiza hayamo. Mwambie wakala akuonyeshe ukurasa wa vitu visivyolipiwa kabla hujatoa shilingi.

Mwisho, VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Aliyekutoza kodi hiyo kwenye dipoziti asikurudishie pesa kimyakimya. Atoe krediti noti, yaani hati inayofuta au kupunguza ankara ya awali, na sheria humpa miezi sita tangu tarehe ya ankara. Mwaka 2020 kiwango kilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 1, kikarudi 16 Januari 1, 2021. Ankara ya Machi ilitakiwa kurekebishwa kwa 16, hata kama pesa zilirudi Juni.